Opera Pembeni mwa Jiji: Nani Analipa, Nani Anaingia

Malindi imepokea mengi kutoka kwa Waitaliano. Tangu mwaka 1967, Italia ilipoanza kurusha roketi kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini mbele ya Ngomeni, watu wa nchi hiyo wamekuwa wakija. Wengine wakajenga, wengine wakazeekea hapa hapa. Vijana wa ufuoni na wahudumu wa hoteli za Casuarina wanazungumza Kiitaliano ambacho hawakukisomea darasani. Piza sasa ni chakula cha mjini. Lakini kuna jambo moja ambalo Waitaliano wanalihesabu miongoni mwa fahari zao kubwa na hapa kwetu halikupata makao: opera. Desemba 2023 UNESCO iliutambua uimbaji wa opera wa Italia kuwa urithi wa utamaduni wa binadamu. Ni shirika lile lile lililozitambua mila za kaya za Mijikenda mwaka 2009. Mila za kaya tunajua ni za nani. Opera je, ni ya nani? Ukiuliza mjini, utaambiwa ni mambo ya matajiri wa Ulaya, na mazungumzo yataishia hapo.

Mji mmoja wa Ufaransa uitwao Massy ulilijibu swali hilo kwa vitendo, na ndiyo sababu naandika. Massy uko kusini mwa Paris, kama kilomita 15 kutoka katikati ya jiji. Watalii hawana la kuwapeleka huko. Miaka ya 1960 palijengwa mtaa mkubwa wa maghorofa ya kupangisha ili kupunguza uhaba wa nyumba uliofuata vita vya pili vya dunia, wakaingia wafanyakazi wa kawaida na baadaye familia nyingi zilizohamia kutoka nchi nyingine. Mwaka 1993, katika mtaa huo huo wa maghorofa, ikafunguliwa nyumba ya opera yenye viti karibu 800. Paris wakati huo tayari ilikuwa na Palais Garnier, iliyofunguliwa mwaka 1875, na ukumbi mpya wa Bastille, uliozinduliwa Julai 1989 ukiwa na viti zaidi ya 2,700. Kutoka Massy hadi huko ni safari fupi ya treni. Kwa nini basi mji wa wapangaji ujijengee opera yake?

Kulielewa hilo, kwanza tujue opera yenyewe ni nini na kwa nini ni ghali kiasi kile.

Hadithi inayoimbwa

Opera ni hadithi inayoimbwa, yote au sehemu kubwa, na watu waliovaa mavazi ya kisa chenyewe, huku okestra ikipiga kutoka shimoni mbele ya jukwaa. Maelezo hayo ni sahihi ila hayamfikishi mtu popote. Afadhali nimpitishe msomaji kwa Fumo Liyongo, ambaye kaburi lake linaonyeshwa Kipini, hapo kati yetu na Lamu.

Liyongo yuko gerezani. Mama yake anamtumia chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, na kila kikifika walinzi wanakila kizuri wao. Liyongo anatunga wimbo na kumwimbia Saada: amwambie mama aoke mkate wa wishwa, katikati aweke tupa. Walinzi wanasikia kila neno na hawang'amui kitu. Mkate unaletwa, wanaudharau kwa kuwa ni wa wishwa, wanamwachia mfungwa. Ndipo Liyongo anaomba achezewe ngoma ya gungu. Matoazi yanalia, siwa inalia, watu wanaitikia nyimbo alizowafundisha, na chini ya vishindo hivyo yeye anakereza minyororo.

Mtunzi wa opera akipewa kisa hiki angejua mara moja kila kitu kikae wapi. Majibizano ya Saada na walinzi mlangoni yangekuwa resitativo, yaani uimbaji wa haraka unaofuata mwendo wa maneno, vyombo vichache tu vikiusindikiza, kazi yake kukisogeza kisa mbele. Liyongo akibaki peke yake usiku, kisa kingesimama naye angeimba aria: dakika nzima nzima za mtu mmoja kuufungua moyo wake. Hapa ndipo mgeni wa opera hupotea, kwa sababu anasubiri kitu kitokee, na kinachotokea kiko ndani ya mtu. Msikilizaji wa taarab hana haja ya kuelezwa. Yeye amezoea kukaa na ubeti mmoja ukirudiwa na kurudiwa, mpaka mtu ainuke kwenda kumtunza mwimbaji. Lile gungu lingekuwa la kwaya. Na pale ambapo mama anahofu, Saada anasitasita na Liyongo anatumai, opera ingewaimbisha wote watatu kwa pamoja, kila mmoja na maneno yake. Katika mchezo wa kuigiza, watu watatu wakisema kwa wakati mmoja ni fujo. Wakiimba, kila moyo unasikika peke yake na wote kwa pamoja, na kwangu hiyo ndiyo nguvu kubwa kabisa ya sanaa hii.

Kilicho kigeni kwetu ni sauti. Mwimbaji wa opera haimbi kwa maikrofoni. Nyuma ya shimo la okestra kuna ukumbi mzima, naye anausikilizisha hadi kiti cha mwisho kwa mwili wake tu. Kwa kupiga kelele? Kelele zingemkausha koo kabla ya mapumziko. Mwanasayansi wa Uswidi Johan Sundberg alionyesha siri iko wapi. Okestra ina nguvu nyingi katika sauti za mitetemo kama 500 kwa sekunde, na kutoka hapo kwenda juu nguvu yake inapungua. Mwimbaji aliyefunzwa hujifunza kuteremsha zoloto na kuupa mkondo wa koo umbo ambalo linakusanya nguvu ya sauti yake karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde. Huko okestra imeshalegea, na sikio la binadamu ni kali mno. Sauti inapita juu ya vyombo badala ya kushindana navyo. Kufika hapo ni kazi ya miaka. Ndiyo sababu sauti hizo, mara ya kwanza, humshtua mtu aliyelelewa na spika za harusini: amezoea sauti iliyosogezwa sikioni mwake na mashine, na hii inamjia kutoka kifuani mwa mtu aliyesimama mbali.

Bili ya jioni moja

Sasa hesabu. Jioni moja ya opera kubwa inataka waimbaji wakuu, kwaya, okestra, mafundi wa taa, wa mapambo ya jukwaa, washonaji, wapaka rangi za uso, na mtu wa kuwapigia piano miezi ya mazoezi. Kwa kazi kubwa za watunzi kama Verdi au Wagner, wanaolipwa usiku huo hupita 100 kwa urahisi.

Mwaka 1966 wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walieleza kwa nini gharama hii haipungui. Kiwanda cha nguo leo kinatoa vitambaa vingi zaidi kwa wafanyakazi wachache kuliko zamani, kwa hiyo mishahara inaweza kupanda na bei isipande. Lakini kipande cha muziki alichokiandika Mozart kwa wapigaji wanne bado kinataka watu wanne, na dakika zile zile. Huwezi kukipiga kwa watu wawili, wala kukiharakisha ili umalize mapema. Mishahara ya wanamuziki lazima ifuate ya wengine, la sivyo wataacha kazi, na ufanisi hauongezeki hata chembe. Kila mwaka, basi, sanaa ya jukwaani inazidi kuwa ghali ukilinganisha na vitu vya kiwandani, bila mtu yeyote kufanya ubadhirifu.

Hapo nyumba ya opera ina njia tatu. Iuze tiketi kwa bei halisi, wabaki matajiri. Itafute wafadhili, wenye fedha waamue kipi kiimbwe. Au ilipwe na umma. Ulaya kwa sehemu kubwa imechagua ya tatu, na Massy ni hivyo: fedha zinatoka kwa mji, kwa mkoa na kwa serikali, juu ya kile kinachopatikana mlangoni. Nyumba ya ukubwa huo pia hujibana. Mapambo na mavazi hutengenezwa kwa ushirikiano na nyumba nyingine, kila mmoja akachangia, kisha onyesho likazungushwa kutoka mji hadi mji. Na msimu huchanganya opera na dansi na konseti ili ukumbi usilale.

Watu wengi husoma habari za ruzuku na kusema ni fedha ya umma inayowaburudisha wachache. Malalamiko hayo nayachukulia kwa uzito, kwa sababu mahali pengi yamekuwa kweli. Mfua nguo wa Massy analipa kodi kila anaponunua kitu dukani. Amekwisha lipia opera hata kama hajawahi kuiona. Kwa maoni yangu hilo linaigeuza hesabu yote: nyumba inayokula kodi ya mfua nguo ina deni kwake, na deni hilo halilipwi kwa kuacha mlango wazi na kumngoja. Lazima imfuate alipo. Kuijenga chini ya maghorofa yake ni hatua ya kwanza ya kulilipa.

Vienna, mwaka 1791

Wazo la opera ya pembeni mwa jiji halikuanzia Ufaransa. Sanaa hii ilizaliwa Florence mwishoni mwa karne ya 16, katika nyumba za wakubwa, na Orfeo ya Claudio Monteverdi iliimbwa Mantua mwaka 1607 mbele ya waalikwa. Lakini mwaka 1637 Venice ikafungua San Cassiano, ukumbi wa kwanza wa opera ambapo aliyekuwa na fedha ya tiketi aliingia bila kuulizwa ni mtoto wa nani. Miaka thelathini tu imepita kutoka jumba la mtawala hadi dirisha la tiketi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Vienna. Tarehe 30 Septemba 1791, Filimbi ya Ajabu ya Mozart ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi uliokuwa nje ya kuta za jiji, ndani ya jengo kubwa la nyumba za kupangisha. Haikuimbwa kwa Kiitaliano, lugha ya opera ya ikulu. Ilikuwa kwa Kijerumani, lugha ya waliokaa kwenye viti, tena na mazungumzo ya kawaida kati ya nyimbo. Mwenye kampuni, Emanuel Schikaneder, aliandika maneno mwenyewe na akaigiza Papageno, mshika ndege anayetaka chakula, kinywaji na mke. Pembeni yake kuna Malkia wa Usiku, mwenye aria inayopanda juu kiasi cha kuwatia hofu masoprano, waimbaji wa kike wa sauti ya juu, hadi leo. Mozart hakuona haja ya kuwapunguzia muziki watu wa mtaani. Alifariki Desemba mwaka ule ule, na Novemba 1792 Schikaneder akatangaza onyesho la 100.

Baadaye, katika karne ya 19, kwenda opera kukawa pia kwenda kuonekana. Ngazi kuu ya Palais Garnier ilijengwa iwe jukwaa la pili, la watazamaji kutazamana nguo. Na Afrika tulionjeshwa sura hiyo: Khedive Ismail, mtawala wa Misri, alijenga nyumba ya opera Cairo mwaka 1869 kwa sherehe za Mfereji wa Suez, na Aida ya Verdi ilianzia hapo tarehe 24 Desemba 1871. Kisa ni cha Misri na Ethiopia, lakini ukumbi ulijengwa kwa ajili ya wageni na wakubwa. Uliungua mwaka 1971, na mwingine ukafunguliwa 1988. Dhana kwamba opera ni ya wenye nacho ilitoka katika majengo kama hayo. Muziki wenyewe haukuileta.

Vizuizi visivyo bei

Ruzuku ikishusha bei, wengi bado hawaji. Nyumba za pembeni zimelazimika kujifunza hili mapema kuliko zile kubwa.

Kizuizi kimoja ni lugha, nacho kimepata dawa. Januari 1983, kampuni ya opera ya Kanada jijini Toronto ilionyesha Elektra ya Richard Strauss, inayoimbwa kwa Kijerumani, na juu ya jukwaa ikatundika maandishi ya tafsiri yaliyobadilika kadiri waimbaji walivyoimba. Wakosoaji walilalama kwamba macho yataiba masikio. Leo ni shida kupata nyumba kubwa isiyo na maandishi hayo. Kazi yake inafanywa na mtu ambaye mtazamaji hamwoni. Ana kitabu cha muziki mbele yake, kimejaa namba za penseli, na katika kila namba anabonyeza kitufe. Hawezi kuiachia mashine, kwa sababu mwimbaji leo atavuta pumzi ndefu ambayo jana hakuivuta. Akibonyeza mapema, watu wanacheka kabla mwimbaji hajautoa mzaha, na mwimbaji anabaki ameimba kwenye vicheko vilivyokwisha. Akichelewa, jibu linatangulia swali. Mistari ni miwili tu kwa wakati, mifupi, na kile kinachorudiwa hakiandikwi tena. Hata kijana wa Casuarina mwenye Kiitaliano fasaha angeyahitaji: maneno ya opera ni ya kishairi na ya kizamani, na sauti ikipanda juu sana irabu huvutwa hadi neno linapotea. Waitaliano wenyewe huyasoma.

Kizuizi kigumu kuliko vyote ni aibu. Mtu anajiuliza nitavaa nini, nipige makofi lini, nikikohoa je. Hayuko tayari kutoa jioni yake ili akajione mshamba. Dawa ya hili ni kuufanya ukumbi uzoeleke kabla ya tiketi ya kwanza, na njia yenyewe hupitia shuleni. Opera ya Paris ilianzisha mwaka 1991 mpango wa kuwachukua wanafunzi wa maeneo yenye hali ngumu na kuwafanyisha kazi na wasanii wake kwa mwaka mzima wa masomo. Nyumba za miji ya pembeni, Massy ikiwemo, zimefanya shule za jirani kuwa sehemu ya kazi yao ya kawaida. Mtoto akishaona mazoezi, mwimbaji akiwa na fulana anakosea na kurudia, akashika upanga wa jukwaani na kukuta ni mbao iliyopakwa rangi, ukumbi ule haumtishi tena. Jioni akimwambia mama yake twende, yeye ndiye mwenyeji.

Wapo wanaoamini kwamba ili opera iwafikie wote lazima ikatwe, irahisishwe, itiwe vionjo vya kisasa. Mimi sikubali. Onyesho fupi la watoto ni jambo jema, lakini ukimpa mtu wa maghorofani kipande na ukambakishia mtu wa katikati ya jiji kitu kizima, umejenga ukuta ule ule kwa matofali mapya.

Wakati mwingine upenyo mdogo mno hutosha. Pretty Yende, kutoka mji mdogo wa Piet Retief nchini Afrika Kusini, alikuwa kijana aliposikia katika tangazo la televisheni la shirika la ndege sauti mbili za kike zikiimba kutoka Lakmé ya Léo Delibes. Akauliza kitu gani kile. Akasoma Cape Town, kisha katika chuo cha La Scala, nyumba ya opera ya jiji la Milan, na Mei 2023 aliimba katika kutawazwa kwa Mfalme Charles III, London. Kwake upenyo ulikuwa tangazo la biashara, na ulimfikia kwa bahati. Massy inajaribu kuifanya bahati hiyo iwe huduma.

Na Malindi

Kwa mwenye simu, njia iko wazi tayari. Tangu mwaka 2017 OperaVision, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, inaonyesha maonyesho kamili kutoka nyumba mbalimbali bila malipo, yakiwa na maandishi ya tafsiri. Gharama ni bando tu. Anayeanza ningemshauri aitafute Filimbi ya Ajabu. Ndiyo iliyochaguliwa pia na Metropolitan Opera ya New York tarehe 30 Desemba 2006, ilipoanza kurusha maonyesho yake moja kwa moja katika majumba ya sinema. Atumie spika nzuri au visikizio. Spika ya simu inazila zile sauti nzito na kuacha mikwaruzo.

Lakini kioo hakikupi ule mshtuko wa sauti isiyo na mashine, na msingi wa kuupokea hapa upo. Kila mwaka shule zetu hufanya mazoezi ya sauti nne kwa ajili ya tamasha la muziki: watoto wa Kakuyuni na Mambrui wanajua soprano ni nini na besi ni nini. Mwanzele na kayamba viko hai, na waimbaji wanaobeba uwanja mzima kwa koo zao bado wapo. Utendi una mahadhi yake. Kinachokosekana ni nyumba. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka shughuli za utamaduni na burudani ya umma mikononi mwa kaunti, kwa hiyo Kilifi haihitaji kuomba ruhusa Nairobi kulifikiria.

Isiwe ya marumaru. Viti 800 ni vingi mno kwa kuanzia, 300 vinatosha. Kuta nene za mawe kama za nyumba zetu za kale, kwa sababu uimbaji usio na maikrofoni unataka ukumbi unaorudisha sauti kwa sekunde moja na kitu, usioimeza na usioivuruga. Paa lisiwe la mabati matupu: mvua ya masika ikianza, mwimbaji wa La Scala na mwimbaji wa mwanzele wote hawatasikika. Msimu wake uwe wa taarab, sengenya, utendi na tamthilia, na opera ndani yake kama mgeni mwenye haki ya kurudi. Ijengwe upande wa Muyeye au Barani, ambako watu wanaishi, na onyesho liishe mapema kiasi cha mtu wa Gongoni kuwahi matatu ya mwisho.